Lugha Mbili Katika Kichwa Kimoja

Uwililugha ni hali ya mtu kutumia lugha mbili au zaidi katika shughuli zake za kila siku. Si lazima azijue zote kwa kiwango kimoja, wala si lazima awe amezipata utotoni. Mkulima wa Geita anayezungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili mnadani ni mtu wa lugha mbili. Muuguzi wa Kilifi anayesema Kigiriama na mama yake, Kiswahili na wagonjwa, kisha akajaza mafaili kwa Kiingereza, ni wa lugha tatu, ingawa akiombwa aeleze dawa za shinikizo la damu kwa Kigiriama huenda akasitasita. François Grosjean, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Neuchâtel nchini Uswisi, amekuwa akisisitiza tangu miaka ya 1980 kwamba kusitasita kwa namna hiyo si upungufu. Kila lugha ina kazi yake, na mtu hupata msamiati wa kazi anazozifanya kwa lugha hiyo. Kumpima mtu wa lugha mbili kana kwamba ni watu wawili wa lugha moja moja ni kosa la kipimo, na ushauri mwingi mbaya wanaopewa wazazi na walimu unaanzia hapo.

Swali la kwanza la wataalamu wa saikolojia ya lugha lilikuwa hili: mtu anapotumia lugha moja, ile nyingine hulala? Majaribio yanaonyesha kwamba hailali. Mwaka 1999 Michael Spivey na Viorica Marian, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walichapisha jaribio la Warusi waliojua Kiingereza. Washiriki waliwekewa vitu vichache mbele yao huku macho yao yakifuatiliwa kwa kamera. Walipoambiwa kwa Kirusi waokote stempu, ambayo katika sentensi ya aina hiyo hutamkwa “marku”, macho yao mara kwa mara yalirukia kwanza kalamu ya wino mzito iliyokuwa pembeni, kwa kuwa jina lake la Kiingereza, “marker”, huanza kwa sauti zile zile. Miaka minane baadaye, Guillaume Thierry na Yan Jing Wu wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walipima umeme wa ubongo wa Wachina waliokuwa wakisoma jozi za maneno ya Kiingereza. Baadhi ya jozi hizo, zikitafsiriwa, zingekuwa na herufi moja ya Kichina inayojirudia. Washiriki hawakulitambua hilo hata kidogo, ila ubongo wao uliitikia tofauti. Kichina kilikuwa kinafanya kazi chini kwa chini, bila kuitwa.

Kwa msemaji wa Kiswahili dalili za jambo hili hazihitaji maabara. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu, ndiyo maana hata mtu aliyesoma Kiingereza hadi chuo kikuu anaweza kumtaja dada yake kwa “he” pale anapozungumza haraka, ilhali kanuni anaijua vizuri. Saa nazo zina mtego wake. Anayepanga miadi kwa Kiingereza huku akihesabu kichwani kwa saa za Kiswahili anaweza kumwambia mgeni afike saa nane ya Kiingereza wakati yeye ana maana ya saa nane mchana, na mgeni akafika asubuhi kabla ofisi haijafagiliwa. Makosa ya aina hii hutokea zaidi mtu akiwa amechoka, ana haraka au anafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwa hiyo mwenye kazi nyeti, kama vile kusoma vipimo vya dawa au kupanga safari, anashauriwa kutaja saa na namba kwa lugha zote mbili, au kuziandika kwa mtindo wa saa 24. Ni tahadhari ndogo, na inazuia hasara kubwa.

Kwa kuwa lugha zote ziko macho, maneno hugombania nafasi ya kutoka kinywani kama makondakta wa daladala wanaomgombania abiria mmoja. Lazima pawepo kitu cha kuamua nani amchukue. David Green wa London alieleza mwaka 1998 kwamba ubongo huchagua kwa kuzuia: maneno ya lugha isiyotakiwa hukandamizwa mpaka yatakapohitajika. Ushahidi mzuri wa kuzuia huko unatoka katika jaribio la Renata Meuter na Alan Allport la mwaka 1999. Washiriki walitaja tarakimu kwa lugha mbili wakibadilishana kwa ishara. Kila walipobadilisha lugha walichelewa kidogo, na jambo lililoshangaza wengi ni kwamba walichelewa zaidi waliporudi kwenye lugha waliyoiweza zaidi kuliko walipoingia ile dhaifu. Sababu yake inaeleweka: lugha yenye nguvu hukandamizwa kwa nguvu zaidi, hivyo huchukua muda zaidi kuachiliwa.

Mwanafunzi aliyeshinda darasani kwa Kiingereza na jioni akakwama kwenye neno la Kiswahili alilolijua tangu utotoni huwa anapitia hali inayofanana na hiyo. Jamaa humcheka na kusema anajidai. Kwa kawaida hajidai.

Kuna gharama nyingine ambayo haina budi kutajwa. Tamar Gollan na wenzake huko San Diego, California, wameonyesha mara nyingi kwamba watu wa lugha mbili huchelewa kidogo kutaja majina ya picha, na hupatwa zaidi na hali ya neno kuwa kwenye ncha ya ulimi na kukataa kutoka. Maelezo yanayokubalika na wengi ni mepesi: mtu anayegawa mazungumzo yake kwa lugha mbili hutumia kila neno mara chache kuliko anayetumia lugha moja tu, na neno lisilotumika huwa zito kuitwa. Ucheleweshaji wenyewe ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini kwenye usaili wa kazi huhisiwa kama dakika. Dawa yake ni kuzungumza jambo husika kwa sauti, kwa lugha itakayotumika, siku moja au mbili kabla. Kusoma kimya hakutoshi, kwa sababu kulielewa neno na kulitamka ni kazi mbili tofauti.

Kuchanganya ndimi kumelaumiwa sana, na lawama nyingi hazina msingi. Carol Myers-Scotton alikusanya mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza jijini Nairobi na mwaka 1993 akachapisha nadharia iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya mazungumzo hayo. Aliona kwamba wachanganyaji hawarushi maneno ovyo. Kijana wa Nairobi atasema “nimewa-invite”, ambapo nafsi, wakati na mtendwa vyote vinabebwa na viambishi vya Kiswahili, na Kiingereza kinachangia mzizi peke yake. Hatasema kinyume chake, yaani mzizi wa Kiswahili uliovishwa sarufi ya Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Lugha moja hutoa fremu, nyingine hutoa vipande. Anayeweza kufuata kanuni hiyo bila kufikiri hajachanganyikiwa.

Hata hivyo, si kila mazingira yanadai udhibiti ule ule. Green na Jubin Abutalebi walipendekeza mwaka 2013 kutofautisha hali tatu. Ya kwanza ni ya mtu mwenye lugha moja kwa kila mahali: Kisukuma nyumbani, Kiswahili kazini, havikutani. Ya pili ni ya mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya Mji Mkongwe, Unguja, anayejibu simu kwa Kiingereza, anamgeukia mgeni kwa Kiitaliano, kisha anampa dereva maelekezo kwa Kiswahili. Hapa lugha zinakutana ila hazichanganywi, na kazi ya kuzuia, kubadili na kufuatilia nani anasema nini ni nzito. Ya tatu ni ya vijana wanaochanganya ndani ya sentensi moja na wenzao wanaochanganya vivyo hivyo. Hapa kuzuia hakuhitajiki sana. Pendekezo hilo lina faida ya kuondoa swali lisilo na jibu, kwamba uwililugha unaufanyia nini ubongo, na kuleta linalojibika: uwililugha wa namna gani, kwa nani, akifanya nini.

Swali lisilo na jibu ndilo lililotawala kwa miaka mia moja. Mwaka 1923 D. J. Saer alichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Wales na kudai kwamba wale wa vijijini waliojua Kiwelshi na Kiingereza walikuwa nyuma kiakili. Tafiti nyingi za wakati huo zilikuwa na kasoro hiyo hiyo: zililinganisha watoto wa hali tofauti za maisha, au ziliwapima kwa lugha wasiyoiweza vizuri. Elizabeth Peal na Wallace Lambert walirekebisha mambo mwaka 1962 huko Montreal, Kanada, kwa kulinganisha watoto wa miaka 10 wenye hali ya maisha inayofanana, na wale wa lugha mbili wakafanya vizuri zaidi. Tangu hapo mizani ikaanza kuelemea upande wa pili, mpaka kufikia imani kwamba lugha mbili huimarisha akili nzima.

Imani hiyo inategemea vipimo vya udhibiti wa fikra, na kimojawapo kinaweza kufanywa nyumbani kwa karatasi na kalamu za rangi. John Ridley Stroop alikieleza mwaka 1935. Neno NYEKUNDU linaandikwa kwa wino wa kijani, neno NJANO kwa wino wa buluu, na kadhalika mpaka ukurasa ujae. Anayepimwa anatakiwa kutaja rangi ya wino, asisome neno. Ajuaye kusoma atajikuta ulimi umeshaanza “nye…” kabla hajajizuia, na mwendo wake utapungua, huku mtoto ambaye hajaanza kusoma akipita bila taabu. Maneno yakiandikwa kwa Kiswahili na rangi zikatajwa kwa Kiingereza, usumbufu hupungua lakini hauishi. Kinachopimwa ni uwezo wa kuzuia jibu linalokuja lenyewe ili kutoa lile linalotakiwa. Hoja ya watetezi wa uwililugha ilikuwa kwamba anayezuia lugha moja kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, atakuwa bingwa wa kuzuia mambo mengine pia.

Ellen Bialystok wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, ndiye aliyeipa hoja hiyo nguvu kubwa. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba watu wa lugha mbili, hasa wazee, hawakuyumbishwa sana na kipimo kinachofanana na cha Stroop. Lakini katika sehemu ya utafiti huo watu wa lugha moja walikuwa Wakanada, na wale wa lugha mbili walikuwa wasemaji wa Kitamil na Kiingereza wanaoishi India. Watu wa nchi mbili hutofautiana kwa mengi zaidi ya lugha.

Mashaka yalikua haraka. Mwaka 2013 Kenneth Paap na Zachary Greenberg wa San Francisco walipima kwa vipimo kadhaa na hawakuona faida inayoeleweka. Mwaka 2015 Angela de Bruin na wenzake walifuatilia tafiti zilizowasilishwa kwenye mikutano ya kitaaluma na kugundua kwamba zile zilizounga mkono faida zilichapishwa majaridani mara nyingi zaidi kuliko zilizoipinga. Wasomaji walikuwa wakionyeshwa upande mmoja. Mwaka 2018 Minna Lehtonen na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti 152 za watu wazima, wakarekebisha upendeleo huo wa uchapishaji, na faida ikatoweka. Mwaka uliofuata, takwimu za watoto zaidi ya 4,500 wa Marekani wenye miaka 9 na 10 hazikuonyesha faida ya udhibiti wa fikra.

Kwa hiyo hukumu inayostahili leo ni kwamba udhibiti wa lugha ni kazi halisi ya ubongo, lakini madai kwamba kazi hiyo humfanya mtu awe na akili kali katika hesabu, umakini au nidhamu hayajathibitika. Shule au mfanyabiashara anayemuuzia mzazi masomo ya lugha ya kigeni kwa ahadi ya kuongeza akili ya mtoto anauza kitu asichonacho. Lugha inunuliwe kwa thamani yake yenyewe: watu inayomkutanisha nao, vitabu inavyomfungulia, kazi inazomwezesha kufanya, na bibi ambaye mjukuu ataweza kumsikiliza bila mkalimani.

Upande wa pili wa hukumu una uzito zaidi kwa wazazi. Hofu kwamba lugha mbili huchelewesha kusema au huleta kigugumizi haina ushahidi wa kuitegemea. Mtoto mchanga huanza kutenganisha mapigo ya lugha tofauti mapema sana. Kinachowapotosha watu ni namna ya kuhesabu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuwa na maneno kumi na tano ya Kiswahili na kumi ya Kinyakyusa. Akipimwa kwa Kiswahili pekee ataonekana yuko nyuma ya jirani yake mwenye maneno ishirini, na wakati huohuo kwa jumla amemzidi. Kliniki ikimwambia mzazi aache lugha moja, mzazi aombe kwanza maneno ya lugha zote yahesabiwe. La kuhofia kweli ni mtoto aliyefikisha miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili katika lugha yoyote, au asiyegeuka akiitwa. Huyo apelekwe apimwe masikio bila kusubiri, kwa kuwa tatizo la usikivu hujificha nyuma ya kisingizio cha lugha nyingi.

Njia maarufu ya malezi ni ya mzazi mmoja kwa lugha moja, iliyoelezwa na Jules Ronjat mwaka 1913 katika kitabu kuhusu mwanawe aliyelelewa kwa Kifaransa na Kijerumani. Inafaa, ila haina ulinzi wa kutosha. Annick De Houwer alichunguza familia karibu 1,900 huko Flanders, Ubelgiji, na mwaka 2007 akaeleza kwamba katika familia takriban robo, watoto hawakusema lugha ya wachache iliyosikika nyumbani. Waliofaulu zaidi walikuwa wale ambao wazazi wote wawili waliitumia, na kati yao hakuzidi mmoja aliyezungumza pia lugha ya nje. Matokeo haya yanawahusu moja kwa moja wazazi Waswahili walioko London, Minneapolis au Toronto. Huko Kiingereza kitaingia chenyewe kwa mlango wa shule na televisheni. Kiswahili hakina njia nyingine ila kinywa cha mzazi. Mzazi azungumze lugha anayoimudu zaidi, ile anayoweza kutania, kukemea na kusimulia hadithi kwayo. Kiingereza cha kuungaunga hakimpi mtoto Kiingereza kizuri, na humnyima lugha ambayo mzazi angempa kwa ukamilifu. Mtoto akijibu kwa Kiingereza, asigombezwe. Mzazi arudie jibu lake kwa Kiswahili na mazungumzo yaendelee.

Shuleni suala kubwa ni muda. Jim Cummins wa Toronto alionyesha kwamba mtoto anaweza kupata lugha ya mazungumzo katika miaka miwili hivi, lakini lugha ya kusomea, yenye istilahi na sentensi nzito, humchukua miaka mitano hadi saba. Tanzania mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na baiolojia na masomo mengine kwa Kiingereza. Akisalimia kwa Kiingereza safi mwalimu hudhani ameiva. Hajaiva, na akinyamaza darasani huhesabiwa mjinga. Kwa upande mwingine, mradi ulioanza mwaka 1970 huko Ile-Ife, Nigeria, chini ya Babatunde Fafunwa, uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi huku Kiingereza kikisomeshwa kama somo, na watoto hao hawakubaki nyuma ya wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe. Maarifa yaliyopatikana kwa lugha moja huhamia nyingine. Mtoto hajifunzi mara mbili kwamba mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga.

Mwalimu anayelazimika kufundisha kwa Kiingereza anaweza kuruhusu makundi yajadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza, kuweka istilahi kumi za wiki ubaoni kwa lugha zote mbili, na kusahihisha hoja tofauti na sarufi. Kibao cha kumvisha shingoni mtoto aliyesema lugha ya nyumbani kiondolewe kabisa. Kinamfundisha kunyamaza, na kunyamaza si Kiingereza.

Kuhusu uzee, habari njema zipo lakini zishikwe kwa tahadhari. Mwaka 2007 Bialystok na wenzake walipitia kumbukumbu za wagonjwa 184 wa kliniki moja ya Toronto, wakaona dalili za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu zilianza miaka minne hivi baadaye kwa wenye lugha mbili. Mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake waliona tofauti ya miaka minne na nusu kwa wagonjwa 648 wa Hyderabad, India, wakiwemo wasiojua kusoma, jambo linalopunguza shaka kwamba tofauti hiyo ilitokana na elimu peke yake. Lakini utafiti wa New York uliowafuatilia wazee wanaosema Kihispania kwa miaka kadhaa, uliochapishwa mwaka 2014, haukuona kinga hiyo. Mzee asiache kudhibiti shinikizo la damu, kutembea na kutafuta kifaa cha usikivu kwa matumaini kwamba lugha zake zitamlinda.

Panapotokea kiharusi, lugha zote za mgonjwa huwa sehemu ya matibabu. Kuna wanaopoteza zote kwa kiwango kimoja na kuzirudisha pamoja, na kuna wanaorudishiwa moja kabla ya nyingine. Tangu mwaka 1895, daktari Mfaransa Albert Pitres alipoandika kuhusu wagonjwa wa aina hiyo, imefahamika kwamba anayeonekana bubu kwa lugha ya hospitali anaweza kuwa na maneno katika lugha ya nyumbani. Ndugu wa mgonjwa wamweleze daktari siku ya kwanza alizungumza lugha zipi, na nani, na kwa kazi gani, kisha wadai apimwe kwa zote, hata ikibidi jamaa mmoja aitwe kutafsiri.